Kasha la Skrini Inayozunguka

"Aliyelitengeneza hili ni mchinjaji, si fundi," Fundi alisema, na hata kifuniko cha nyuma alikuwa hajamaliza kukifungua.

Mama mwenye nyumba alivuta stuli, akaketi. Kasha lilikuwa la wajukuu zake: michezo yote ya video ya zamani ndani ya sanduku moja la mbao, na spika zake, na vitufe vyake, na skrini inayozunguka. Ukiilaza, unashindana kwa magari. Ukiisimamisha wima, unatungua ndege. Watoto walikuwa wamelipaka rangi nyekundu na kulijaza vibandiko. Tangu juzi skrini ilikuwa giza tupu.

"Nitakuwa mkweli kwako, Fundi," mama alisema. "Binti yangu anafungua duka la ushonaji. Nina mafundi wawili hapa, ukuta kwa ukuta, na chumba kimoja lazima kinirudie. Niangalizie kazi hii, kisha uniambie kama mtu aliyeifanya anastahili chumba."

Fundi nusura acheke. Nyuma ya ukuta alikaa jirani aliyembandika jina la Konokono, mtu wa kushinda na redio moja asubuhi nzima akiipuliza vumbi kama anayeuguza mgonjwa. Makasha ya namna hii, wakati wa soko lake, kila fundi wa mtaa aliyatengeneza, na Konokono naye hakubaki nyuma. Fundi alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye mlango huu. Wateja waliujua huo huo, na chumba kingine mtaani hakikuwepo. Yeye hakuwa mtu wa kuatamia kazi: alishika, akafunga, akasahau, akashika nyingine.

"Washa tochi ya simu, mama. Njoo ujionee."

Mama akainama na kumulika.

"Skrini ameikalisha juu ya beringi ya baiskeli. Haya, hapo alibahatisha. Lakini kizuizi hakuweka! Watoto wanaizungusha upande ule ule, waya unajisokota, unajisokota, mpaka unakatika. Na waya wenyewe ameubana, hakuuachia nafasi hata ya kidole. Hapa palipotakiwa kulehemiwa amepaka gundi. Gundi, mama! Na skrubu nne, mbili ni za kabati."

"Pengine alikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Huyu ni mvivu. Amelipua tu, bora liende."

"Una hakika, mwanangu? Chumba ni riziki ya mtu."

Ukutani ilisikika redio ya Konokono ikikwaruza, ikanyamaza, ikaanza tena. Ana watoto watatu yule. Fundi alimwonea huruma kidogo, kisha akaimeza huruma yake.

"Mimi si mtu wa kumtilia mwenzangu mchanga kitumbua chake," alisema, huku akiumwaga kwa koleo. "Lakini huyu mtoe. Hata bisibisi hafai kushika. Anawaharibia jina mafundi wa kweli, na ipo siku atakuunguzia nyumba. Ukitaka, nitakuandikia."

"Niandikie."

Akaandika kwa herufi kubwa, kosa la kwanza mpaka la nne, na la tano akaliongeza kwa kunogewa. Chini akatia saini, akagonga mhuri wa duka mara mbili, kwa kuwa ule wa kwanza haukukolea wino. Mama alisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja karatasi na kuitia mkobani.

"Jana nililipeleka kwa mwenzako hapo jirani," alisema.

Fundi akaangua kicheko. "Ehe! Alijiteteaje?"

"Hakujitetea. Alikutetea wewe. Mwanangu alilinunua hapa hapa kwako, huu mwaka wa nne. Mwenzako aliutambua mkono wako mara moja, akasema wewe ni fundi kumshinda yeye, kwa hiyo nikubakize." Mama akasimama, akairudisha stuli mahali pake. "Lakini nani anaujua mkono wako kuliko wewe mwenyewe?"