Usiogelee na Tambi Tumboni

"Fiorenza! Miaka arubaini na mitatu, na bado hujui kwamba mtu haogelei na tambi tumboni?" Mama alifoka. "Misuli itakubana, uzame! Hamwingii majini mpaka saa kumi. Wapeleke wajukuu zangu mnarani."

Ni hivyo kila Agosti tangu utotoni, tukishuka hapa pwani kutoka Roma. Mama hubaki chini ya mwavuli, sisi hupanda ngazi za mnara wa kanisa kwenye jua la saa nane. Leo nilizipanda huku nikisonya.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wamelifungua dirisha linalotazama bahari.

"Mama, yule si bibi?" mwanangu aliniuliza.

Niliijua ile kofia ya mpira yenye maua ya manjano. Alikuwa mbali na ufuko, anaelea chali, mikono kaitandaza, kama mtu ambaye hajawahi kuzaa.