Mpangaji wa Bi Nyamizi

Mihayo alishika nafasi ya kwanza kwenye usaili wa Tume ya Ajira. Kama sheria inavyotaka, akafutiwa kumbukumbu za jamaa zake wote, asije akampendelea yeyote. Mama yake, Bi Nyamizi, alihangaika miezi minane mpaka akampata awe mpangaji wake.

Asubuhi moja, akinywa uji, Mihayo aliuliza, “Mama, wewe hukujaliwa watoto?”

Bi Nyamizi alijua kwamba akisema kweli yote, mwanawe atafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Akaketi.

“Nilijaliwa mmoja. Tume ilimwajiri.”

“Kumbe! Hongera sana, mama,” alisema Mihayo kwa furaha, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Bi Nyamizi akabaki akiosha bakuli.