Taa za Msiba wa Mzee Sebastiani

"Dar hamna, Mbeya hamna, na hapa Sumbawanga nimebaki na maboksi matupu," alisema Halfani kwenye simu. "Meli imechelewa, mzee wangu. Hata ikifunga gati leo, mpaka lori lifike huku ni habari nyingine."

Oswaldi alikata simu bila kuaga. Halfani ndiye aliyekuwa akiuza vifaa vya sola tangu vilipoingia Ufipa. Kama yeye hana betri, basi mkoa mzima hauna.

Alisimama uani, fundi akipigilia misumari kwenye jeneza nyuma yake, akayatazama mapaa ya majirani. Kila paa lilikuwa na paneli, maana mwaka ule wa mahindi mazuri kijiji kizima kilinunua kwa mpigo. Betri nazo zikafa kwa mpigo. Mchana watu walichaji simu na kusikiliza redio. Jua likizama, kila mmoja alirudi kwenye koroboi kama babu yake. Jua la bure, betri ya kungoja meli. Walikuwa wameuziwa ndoo isiyo na kitako, na bado waliambiwa washukuru.

Asingejali sana kama si msiba wa mama yake. Siku ile taa zilizima watu wakiwa katikati ya chakula, kwaya ikakatika katikati ya wimbo, na waombolezaji wakagombania nyama gizani. Tangu hapo Polikarp, mtani wa ukoo, hakumwacha apumue.

Hata sasa alikuwa ameshafika, ameketi karibu kabisa na mitungi ya pombe.

"Oswaldi, nimekuja na tochi yangu," alisema kwa sauti ili wanawake wote wasikie. "Kwenu mtu hula kwa kupapasa. Mwaka ule nilitafuna kidole cha jirani nikidhani ni mfupa."

Watu walicheka. Oswaldi naye alicheka, kwa kuwa mtani hanuniwi, lakini moyoni aliungua. Baba yake, Mzee Sebastiani, alimlea, akamsomesha kwa ulezi na ng'ombe, na katika maisha yake yote alimwomba jambo moja tu: "Mimi msije mkanililia gizani kama mama yenu."

Mengine yote yalikuwa tayari. Ulezi ulishaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa, na sasa pombe ilikuwa ikitoa povu. Pombe ya ulezi haiivi kwa siku moja, na mwenye akili huwahi. Turubai lilishafungwa. Jamaa wa Kipili walikuwa njiani. Vitus na Fransiska, wadogo zake, walikuwa zahanati kwa baba. Yeye mwenyewe hakukanyaga huko tena tangu nesi atamke neno lake. Katika ukoo wao mwana wa kwanza haingii aliko baba mpaka baba atolewe. Kazi zake ni za nje, na walio ndani hawamsumbui kwa maneno.

"Hata betri ya kuazima umekosa?" Polikarp alimchokoza.

Hapo ndipo Oswaldi alipoikumbuka ya zahanati. Ilikuwa betri kubwa, nzima, iliyoletwa na wafadhili kwa ajili ya friji la chanjo. Friji lenyewe liliharibika tangu masika, kipuri chake nacho kikawa kinangojwa kutoka ng'ambo, na chanjo zote zikahamishiwa Namanyere. Betri ilikuwa imekaa bure kwenye kibanda nyuma ya jengo. Ufunguo alikuwa nao yeye, mwenyekiti wa kamati ya zahanati.

Alikwenda na mkokoteni wa ng'ombe, jua likiwa limeshashuka. Hakupitia mlango wa mbele. Alifungua kibanda, akachomoa waya mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu, asije akaharibu mali ya umma, akapakia betri na inveta yake. Nyuma ya ukuta kitu kilichokuwa kikivuma kilinyamaza. Punde akamsikia Fransiska akipiga ukelele.

Mkono wake ulisita kwenye kufuli. Alitamani sana aingie akamshike dada yake. Lakini mila ni mila. Alimwacha alie, akafunga kibanda, akajifuta machozi yake mwenyewe na kuwaswaga ng'ombe.

Taa ziliwaka. Uwanja mzima ulikuwa mweupe mpaka kwenye migomba, na spika za kwaya zikakohoa, zikakubali. Watoto walipiga makofi, wakakaripiwa. Polikarp alizungukazunguka akitafuta pa kuchokoza, akapakosa, akazima tochi yake.

"Haya, nimeshindwa," alisema. "Mzee ana mtoto."

Oswaldi hakuona haya kulia mbele za watu. Ombi la baba lilikuwa limetimia, na hakuna mtu angemcheka tena.

Ndipo Vitus alipoingia mbio, miguu peku, shati limeloa jasho. Alizitazama taa, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye betri.

"Kaka, hiyo umeitoa wapi?"

"Zahanati. Friji lenyewe bovu, imekaa bure tu."

Vitus aliketi chini palepale, kwenye vumbi.

"Nesi alisema baba hamalizi wiki, lakini jana akaleta mashine ya kumsaidia kupumua, akaichomeka kwenye soketi ya friji," alisema. "Leo mchana baba aliketi mwenyewe kitandani. Nesi akaenda Namanyere kufuata dawa, nasi tukasema tusikwambie mpaka kuche, tusije tukakupa moyo bure. Ilipozima tumempepea kwa kanga, kaka, mpaka mikono ikaisha nguvu. Alikuwa anangoja uji."