Mstari wa Mihayo

Mgeni alipiga hodi wakati Nyamizi akipepeta mchele. Mgeni huyo alikuwa fundi wa mtandao wa pumzi, ule unaochora kwenye ukuta wa kila nyumba pumzi za waliokwenda mbali.

"Shikamoo, mama. Mpangilio wa awali ulikuwa na kasoro. Taarifa za pumzi zisipofika, chombo hiki cha ukutani kilikuwa kikijichorea mstari chenyewe. Sasa tunaacha pengo."

Akabonyeza chombo. Mstari wa Mihayo, mwana wa Nyamizi aliye mchimba madini, mstari ambao mkewe aliusalimu kila asubuhi, ukaonekana umekatika tangu masika.

"Naweza kuurudisha ulivyokuwa, mama," fundi alinong'ona. "Hatajua mtu."

Uani, mkamwana wa Nyamizi aliimba akianika mashati ya Mihayo. Nyamizi alikwisha kumwahidi kwamba habari yoyote ya mumewe hatamficha.

"Uache hivyo hivyo," alisema. Kisha akamwita mkamwana wake, "Mwanangu, njoo uone."