Tundu la Pili

Alasiri moja ya Novemba 1953, mvua ilipokatika tu, kumbikumbi wa kwanza alitokeza kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mihogo.

Kichuguu kilikuwa na matundu mawili. Kila mwaka Ndaya alifunika moja kwa kikapu na rafiki yake akafunika la pili, kwa sababu kumbikumbi wakizuiwa huku hutokea kule. Hawakuwahi kuziba kwa udongo. Tundu likishindiliwa, mchwa hawalifungui tena.

Nyumbani kwa Ndaya hapakuwa na kitoweo kingine zaidi ya kumbikumbi hao.

Rafiki alitokea barabarani katika gauni jeupe la shule ya masista, pamoja na wasichana wawili wa kambi ya reli.

"Yaya, kuya mbio! Banatoka!" Ndaya alimwita aje, kama anavyoitwa dada mkubwa, mikono yake imeshika kikapu.

Wasichana walicheka. "Ule wa matope njo rafiki yako?"

"Miye? Simujue," rafiki alijibu, kana kwamba hajapata kumwona Ndaya.

Wakapita. Kwenye tundu lililoachwa wazi kumbikumbi walipaa kwa wingi, na mbayuwayu wakawadaka hewani.

Ndaya alikibana kikapu kwa jiwe. Alichota udongo uliolowa, mabawa yakimganda vidoleni, akaujaza katika tundu la rafiki yake, kisha akaushindilia kwa kisigino mpaka pasionekane kitu.