Mashini ya Kukimbia

Hebu sema wewe: mkeo akikuambia anataka mashini ya kukimbia, utamnunulia ipi?

Aloys aliona swali hilo halina mzunguko: ni ile yenye kasi. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwaka 1998, dukani kwa Abdu, karibu na soko la Gisenyi, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Juu ya meza ya vioo zilikaa kompyuta mbili za kufunguka kama kitabu. Moja nene, nyeusi, ina Pentium, processeur mpya ya kasi. Nyingine nyembamba, rangi ya majivu, pembe moja imechubuka, na processeur yake ni ile ya zamani, 486. Kampire, mkewe, alikuwa ameshika hiyo ya zamani.

"Mama Umulisa, wiki nzima unaniimbia ya kukimbia, ya kukimbia," Aloys alisema. "Sasa unakamata kobe."

"Papa Umulisa, hii inatosha."

Umulisa, mtoto wao, alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, amefungwa kwa kitenge cha njano chenye samaki. Kampire aliipima kompyuta kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa na bandeji tangu Jumapili, alipoteleza kwenye ngazi za jikoni. Habari za zile ngazi, Aloys mwenyewe ndiye aliyewaeleza majirani.

"Abdu, hii iko inalia wakati wa kuiwasha?" Kampire aliuliza.

"Hapana, mama. Processeur yake haipati moto, donc haina ventilateur ya kuipoza. Inanyamaza kabisa, na batri inakaa. Ile yenye patron anataka iko na nguvu, lakini inakula batri, inavuma kama mashini ya kusaga, tena ni muzito."

"Na kuandikia watu barua, itaweza?"

"Barua? Mutu wa barua atafanya nini na Pentium?"

Aloys akapiga meza, kalamu zikaruka. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja fotokopi wakageukia barabara, kana kwamba huko kuna jambo. Kilichomchoma Aloys ni kwamba kazini alishatangaza kwamba ananunua Pentium, tena kwa mdomo mpana. Kisha, mshahara wa Kampire ulipita mikononi mwake Aloys kila mwezi; tangu lini mwingine akachagua cha kununua?

"We Abdu unataka kunisukumia takataka. Na we, mke wangu, unamusikiliza. Processeur ndiyo roho ya mashini. Roho ikiwa pole pole, yote iko pole pole."

"Najua," Kampire alisema.

"Unajua nini? Huko kwenu Bugeshi munajua viazi."

Abdu alikohoa. "Bon, patron. Tuulize kwanza, mama atatumikia hii mashini wapi?"

"Kwangu. Kwingine ni wapi?"

Kampire alifungua mfuko wa nepi, akaziweka kando nguo za mtoto, akaiteremsha ile nyembamba ndani, akazirudisha nguo juu yake. Zipu ikafunga mpaka mwisho. Aliutazama mfuko kwa muda, kama mtu anayetazama chungu alichopikia vizuri.

Aloys akaupokonya. Akaichomoa kompyuta, akaibwaga mezani, nepi moja ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota. Akaisukuma Pentium mbele ya mkewe.

"Beba hii. Beba tuende nyumbani."

Kampire akajaribu kwa mkono mmoja. Ikainuka kidogo, ikarudi kwa kishindo. Umulisa akaamka, akaanza kulia.

"Unanitia aibu mbele ya watu," Aloys alisema, kidole karibu na jicho la mkewe. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na walio nyumbani kwake walijua sauti hiyo hufuatwa na nini. "Basi sema, na wao wasikie. Ulitaka ya kukimbia. Kama si hii, ni ipi?"

Kampire alimpigapiga mtoto mgongoni hadi akanyamaza. Kisha akamtazama mumewe usoni, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Nilitaka yenye naweza kubeba na mukono moja, Aloys. Mwenye kukimbia ni mimi."