Mjumbe Wetu Kwenye Tume

Bahasha ilikaa siku tatu ndani ya blauzi ya Salomi Lakra bila kufunguliwa. Alipika nayo, alilala nayo, alikwenda nayo bombani kuchota maji. Mdogo wake, Marsela, alimwuliza kama amerogwa.

"Nikiifungua peke yangu watasema nimeandika mwenyewe," alijibu Salomi. "Itafunguliwa Jumapili, mbele ya watu wote. Na huyo msaliti alisikie jina lake kwa masikio yake."

Alichokitaka ndani ya bahasha hiyo ni jina moja tu, la Mkristo aliyeyauza makaburi yao.

Kwa miaka sitini Wakristo wachache wa Barwatoli, mji mdogo wa India, walizika watu wao nyuma ya stendi ya mabasi. Kisha halmashauri ya mji ikampa mwenye hoteli eneo hilo ajenge maegesho ya magari. Tingatinga lilianzia ukuta wa kaskazini, hatua tano kutoka kaburi la Agnesi, mtoto pekee wa Salomi, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka tisa. Salomi, mkunga mstaafu, hakuwa mtu wa kulia pembeni. Aliandika malalamiko kwa Tume ya Jamii za Wachache ya jimbo, akatia saini, akasubiri.

Jibu lilichukua miezi saba na lilikuwa na sentensi mbili. Tume, ikiwa katika kikao kamili, imeridhika kwamba makaburi hayo hayatumiki tena. Shauri limefungwa.

Alipanda basi hadi ofisi ya Tume katika mji mkuu wa jimbo.

"Hayatumiki? Bwana Afisa, wafu wamehama?"

Afisa habari, mtu mmoja mnene aitwaye Dwivedi, hakuinua macho kwenye chai yake. "Usinipigie kelele, mama. Kikao kilikuwa na mjumbe wa kila jamii, kama sheria inavyotaka. Bila hivyo uamuzi ni batili. Hata mjumbe wenu Mkristo alikubali."

"Mjumbe gani? Sisi hatukumchagua mtu."

"Anateuliwa, hachaguliwi."

"Wewe umemwona?"

"Mimi?" Dwivedi akacheka. "Mezani kwangu zinapita karatasi, mama. Watu hawapiti."

Habari ya mjumbe huyo Mkristo ilimchoma Salomi kuliko tingatinga. Dharau ya serikali alikwishaizoea. Lakini mtu wa kwao, aliyewasha mshumaa pamoja nao makaburini kila siku ya marehemu, kumbe alikaa mezani akanywa chai na kumwuza mtoto wake! Kikulacho ki nguoni mwako. Na nani pale Barwatoli alikuwa akipanda basi kwenda mji mkuu kila mwezi, shati limepigwa pasi, bila kuaga? Patras Minj, katekista.

"Naenda hospitali, dada," Patras alimwambia alipombana. "Kifua kinanisumbua."

"Hospitali ya Tume, siyo?"

Tangu siku hiyo hakumwamkia. Mtaa nao ukafuata, maana Salomi ndiye aliyewazalisha nusu yao na neno lake lilikuwa zito. Mke wa Patras akawa anachota maji peke yake.

Salomi akataka ushahidi. Sheria ya haki ya kupata habari inampa raia yeyote ruhusa ya kuuliza, na ofisi siku thelathini za kujibu. Akaomba karatasi ya mahudhurio ya kikao kile. Ombi la kwanza likarudishwa, eti hati ya posta ya kulipia ada imeandikwa kwa cheo cha afisa asiye sahihi. La pili likajibiwa kwamba faili limeliwa na mchwa. Akakata rufaa, ikatupwa. Akakata nyingine, akapigwa danadana mwaka mzima, mpaka akafika mbele ya kamishna wa habari, mwamuzi wa mwisho wa rufaa hizo, mzee asiyependa maneno mengi, aliyesikiliza dakika nne na kuiamuru Tume itoe karatasi ndani ya siku kumi.

Nje, kwenye ngazi, Dwivedi alimkimbilia akihema.

"Mama, achana na karatasi hiyo. Kaburi la mtoto tutalihamisha vizuri, kwa heshima zote. Jina hilo litakufaa nini?"

"Nitamtemea mate usoni mwenye nalo," alisema Salomi, akaenda zake.

Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa uwanjani na vikombe vyao vya chai, alipanda kizingiti cha kanisa na kuinua bahasha. Wazee watatu waliikagua lakiri wakakiri haijaguswa. Kisha Salomi akamkabidhi Patras.

"Soma, katekista. Kwa sauti ile ile ya kusomea Injili."

Patras akaichana bahasha. Alisoma kimya, akarudia tena.

"Dada Salomi," alisema taratibu, "twende tukaisomee nyumbani."

"Mnamwona? Mnamwona!" Salomi aliwageukia watu, machozi ya hasira yakimtoka. "Mtoto wangu atalala chini ya tairi za watu, na huyu anaona haya! Soma hapa hapa!"

Patras akakohoa. Akasoma kwamba wajumbe wote watano walihudhuria, na wote walikubali makaburi yatolewe. Akasoma jina la mjumbe wa Waislamu, la Masingasinga, la Wabudha, la Wajaini. Halafu akaigeuza karatasi watu waione wenyewe, kwani saini ya mwisho ilikuwa ileile iliyo kwenye kadi za kliniki za watoto wao, na chini ya barua ya malalamiko iliyopelekwa Tume.

"Mjumbe wa Wakristo," alisoma, "Bi Salomi Lakra."